Ufito wa Juu ya Mlango

Futi ya chuma alikuwa nayo. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu walipenda kusema hakuwa nayo, na si kweli. Aliiweka ndani ya kopo la misumari, imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta isishike kutu, na aliitumia kupima kuta, milango na madirisha. Kitu ambacho hakukipima kwa futi ni mtu. Mtu alimpima kwa ufito.

Alikuwa seremala, na sote tulimwita Fundi, hata mkewe. Kwa miaka kumi na mmoja tulipakana naye huko Umoja, ukuta kwa ukuta, na karakana yake ya mabati ilikuwa hatua ishirini na mbili kutoka mlango wa mama yangu. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuuliza wala yeye hakusema. Ninachoweza kueleza ni jinsi alivyofanya kazi, na ahadi moja aliyompa mkewe, ambayo safu yetu yote ya nyumba iliijua na kila mtu alikuwa na neno la kusema juu yake.

Alitengeneza vitu vya jikoni tu. Ukimletea kitanda akitengeneze alikuelekeza kwa fundi mwingine. Nyumba zetu zilijengwa kwa mchoro mmoja, na jikoni mwote mlikuwa na urefu wa hatua tatu na upana wa hatua mbili, sinki upande ule ule, dirisha mahali pale pale. Waliozichora, Fundi alisema, walijua kujenga lakini hawakuwahi kusonga ugali. Kwa hiyo alichukua vyumba vile vinavyofanana na kuvitofautisha, kimoja kimoja, kufuatana na anayesimama ndani yake.

Kabla ya kugusa ubao alikwenda kukaa jikoni kwa mteja. Aligeuza ndoo, akaikalia, akamwacha mama wa nyumba apike chakula kizima, kuanzia kupepeta mchele hadi kuosha sufuria. Alitazama mkono wa mama unakwenda wapi kwanza, mara ngapi anageuka, wapi anajigonga. Kisha alikula kile chakula. Wazee wa mtaa walidai hiyo ndiyo sababu ya mtindo wake wote, na kwamba fundi asiye na njaa angetumia futi.

Baada ya kula alisema, "Sasa mama, vua viatu."

Mama alisimama peku kwenye sakafu, Fundi akasimamisha ufito wa saiprasi kando yake, mwembamba kama kidole gumba, akamwomba asukume chapati hewani. Mikono ilipotulia katika mwendo wake, alitia alama usawa wa kiwiko. Alama ya pili ilikuwa pale mkono ulipofika juu bila kisigino kuinuka. Ya tatu, pale mkono ulipofika chini kabla mgongo haujaanza kulalamika. Alama hizo alizikata kwa kisu na kuziita chale. Kila jikoni palikuwa na ufito wake na kila ufito ulikuwa na chale zake. "Futi ni ya kila mtu," aliniambia mara nyingi. "Ufito ni wa mtu mmoja."

Hakujua kusoma, na fito zile hazikuwa na majina. Mimi ni mtu wa stoo. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na mambo niliyoyajua niliyapata kwenye vitabu vikuukuu nilivyonunua kando ya barabara. Kitu kisicho na lebo kilinikosesha usingizi. Siku moja nilizichanganya fito zake zote makusudi, arobaini na moja, nikamwambia azipange. Alifumba macho. Alipitisha kidole gumba kwenye chale za kila mmoja na kutaja: Mama Akinyi, yule wa shoto, mwalimu wa nyumba ya pembeni, mke wa askari. Hakukosea hata mmoja. Aliniuliza kama kule stoo naweza kufanya hivyo na boliti zangu.

Jikoni kwa mama yangu ndiko alikoanzia katika safu yetu. Alimtengenezea kibao cha chapati kilichovutwa kutoka chini ya meza kama droo na kurudi kikisukumwa kwa nyonga. Sanduku la unga aliliwekea ndani bati la debe, na sakafu yake aliiinamisha ili unga uteremke wenyewe kufuata mkono. Makaa yaliwekwa ndani ya benchi, mfuniko wake ndio kikalio. Vifuniko vya sufuria, ambavyo maisha yote ya mama vilikuwa vikianguka na kupiga kelele, vilipata mahali pa kusimama wima, kila kimoja katika mfereji wake. Mama alikuwa mtu wa kanisa na hakusifu vitu vya dunia kwa urahisi. Alifungua na kufunga kile kibao mara tano, akaniambia, "Njuguna, leta chai ya Fundi."

Mbao zake nyingi zilikuwa za makasha ya mashine, yale yaliyouzwa kwenye lango la viwanda, upande wa Mukuru kwa Reuben. Zilikuja na maandishi meusi ya Kiingereza yaliyopigwa kwa rangi. Aliniita juu ya ukuta: "Karani, huu ubao unasemaje?"

Nikasoma, nikamweleza kwamba unasema upande huu uwe juu.

"Umesafiri bahari nzima ukiamrisha watu," aliuambia ule ubao. "Hapa umefika." Akaupigilia misumari kichwa chini.

Ndiyo maana hadi leo, nikiingia nyumba yoyote ya zamani ya Eastlands, huvuta droo na kuinama kutafuta maandishi. Mara mbili nimeyakuta, kichwa chini, nikajua mikono yake ilipita hapo.

Alikuwa mpole kwa mbao na mkali kwa watu. Mteja aliyesema anataka kabati kama la jirani yake aliambiwa aende akapike kwa jirani. Alichelewa kila kazi, na hakuomba radhi hata mara moja. Hata hivyo alijua kujishusha palipohitajika. Bi Zuhura, mjane mwenye asili ya Pwani aliyeuza viungo dukani kwake, alitaka jikoni pake patengenezwe, lakini hakuweza kusimama apimwe na mwanamume. Fundi hakubishana. Alisimama sebuleni, akapitisha ufito chini ya pazia pamoja na kipande cha mkaa, akawa anauliza kwa sauti, na Bi Zuhura akawa anajipima mwenyewe huko ndani.

"Umevua viatu, Bibi?"

"Nimevua, mwanangu. Unataka nivue na meno?"

Ufito ulirudi chini ya pazia na alama tatu za mkaa. Kutokana na ufito huo alibuni kitu ambacho watu walikuja kukitazama kutoka mbali: mbuzi ya kukunia nazi iliyofichwa ndani ya kabati la chini. Ukiivuta inageuka kigoda, unaikalia, na nazi inadondokea ndani ya droo iliyo chini ya ulimi wa chuma. Bi Zuhura alisema amekuna nazi miaka arobaini na hiyo ndiyo siku ya kwanza goti lake kumshukuru.

Kosa lake moja kubwa najua habari zake kamili. Bibi harusi mmoja, mpiga chapa wa ofisini mjini, alifika nyumbani jioni wakati Fundi alikuwa akisubiri. Alikuwa amevaa raizoni, vile viatu vya soli nene vya miaka ile. Mume wake alikuwa mkubwa wangu kazini na mama mkwe alikuwepo, amekaa wima kwenye kiti akitazama kila kitu. Fundi aliona si adabu kumwambia bibi harusi avue viatu mbele ya mama mkwe. Akampima hivyo hivyo. Kazi ilipokwisha, meza ilikuwa juu kwa vidole vinne. Yule bibi naye aliona si adabu kumwambia fundi mzee kwamba amekosea, kwa hiyo alipika akiwa amevaa raizoni, mchana na jioni, karibu mwezi mzima. Alianguka nazo siku moja na sufuria ya maharagwe mkononi, ndipo habari ikatoka. Fundi alikwenda na msumeno, akapindua meza, akakata miguu yote minne, akarudi na vile vipande vinne mfukoni. Alivitundika karakanani kwa kamba. "Hii ni bei ya adabu," alisema. Tangu siku hiyo, angekuja askofu angevua viatu.

Sasa nimfikie mkewe.

Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kuliko Fundi, na alipotoka nyumbani aliinamisha kichwa kidogo chini ya fremu ya mlango kwa mazoea. Alipika barazani, kwenye jiko la makaa lililowekwa sakafuni, ameketi kwenye kigoda chenye kimo cha shubiri moja. Kigoda hicho ndicho kitu pekee cha mbao ambacho mumewe alimtengenezea. Ndani ya jikoni pao, hatua tatu kwa mbili kama petu, hamkuwa na kitu ila ndoo, magunia na mbao zinazokauka.

Haikuwa usahaulifu. Walipooana alimwambia, "Wewe nitakutengenezea la mwisho. Makosa yote niwafanyie wengine kwanza." Ufito wake aliukata mwanzoni kabisa, kabla ya wa mteja yeyote, akautundika juu ya mlango wa nyumba yao. Kila alipobuni jambo jipya kwa mtu, na likafaa, aliushusha ule ufito na kuuongezea chale. Mbuzi ya Bi Zuhura ilikuwa humo. Kibao cha mama yangu kilikuwa humo. Niliwahi kuuomba niutazame, nikahesabu chale kumi na tisa. Mwaka uliofuata zilikuwa ishirini na tatu. Jikoni pake palikuwa panakua kwenye ufito, na yeye alikuwa barazani kwenye kigoda.

Vijana wa mtaa hawakumhurumia Fundi. Walipita karakanani wakiimba, "Niaje, mzee wa vijiti. Keja yako je? Mathe bado anapikia chini?" Keja kwao ni nyumba, na mathe ni mama. Kwenye bomba la maji wanawake walisema kwa lugha nzito zaidi. Mkewe mwenyewe aliufanya mzaha. "Mganga hajigangi," alimwambia mama yangu, "lakini, Mama Njuguna, si angalau amgange mkewe?" Alicheka, kisha akashika kiuno kwa mikono miwili ili ainuke pale kwenye kigoda. Hilo la kushika kiuno nililiona. Wakati huo sikuliandika mahali popote.

Mama ndiye aliyenituma. Niliruka ukuta nikamkuta Fundi anapiga randa.

"Mama anauliza jiko la mkeo utaanza lini."

"Mama yako ana lake."

"Ndiyo maana anauliza."

Alipiga randa hadi mwisho wa ubao, akapuliza takataka. "Sijaijua kona bado," alisema.

Nilimuuliza kona gani. Akaniambia kona ya jikoni, pale kabati mbili zinapokutana. Kila kona aliyowahi kutengeneza ilikuwa shimo, mkono unaingia na kupotea, na kitu kilichowekwa huko nyuma hakionekani tena hadi watu wahame. Alikuwa amejaribu mlango wa kukunja, rafu za ngazi, na tundu upande wa pili. Hakuna kilichomridhisha. "Siwezi kumpa yeye shimo," alisema. "Nikiijua kona, nitaanza siku hiyo hiyo." Nilirudi na jibu hilo. Mama alilisikiliza, akasema kwamba mwanamke hapikii kwenye kona.

Mama alifariki miaka michache baadaye. Jioni moja, nyumba imejaa watu wa kanisa wakiimba, Fundi aliingia, akapita katikati yao bila kukaa, akausimamisha ufito wa mama nyuma ya mlango wa jikoni. "Huu si wangu tena," aliniambia, akatoka. Mazishi yalipopita niliuchukua nikausimamisha kando ya meza ya mama. Chale ya kiwiko ililingana na ubao wa meza barabara. Niliweka kiganja changu kwenye chale ya juu, pale mkono wake ulipofika bila kisigino kuinuka. Nina picha tatu za mama. Hakuna hata moja inayonionyesha kimo chake kama ufito ule.

Karakana iliondolewa barabara ilipopanuliwa. Siku ile nilikuwa kazini. Niliporudi, zile hatua ishirini na mbili ziliishia kwenye kifusi, na Fundi na mkewe walikuwa wamehama; mlango wao ulikuwa na kufuli la mtu mwingine. Mwanzo niliwaza kwamba atakuja kuaga. Kwa miaka sita nilimtafuta, si kwa bidii kila siku, lakini sikupita kwa seremala bila kuuliza. Nilikosa sauti ya randa asubuhi. Nilikosa kuitwa juu ya ukuta kusoma ubao. Nilijikuta nikisoma maandishi ya makasha kiwandani kwa sauti, na vibarua wakitazamana.

Hatimaye muuza makasha pale Mukuru alinieleza kwamba mzee wa fito anaishi mtaa wa Tena, kwa binti yake. Nilikwenda Jumamosi mchana.

Alikuwa nyuma ya nyumba, meza imepinduliwa mbele yake, miguu minne juu, na penseli sikioni. Ilikuwa meza ya mvule, imeng'arishwa hadi unajiona. Hakushangaa kuniona. Alisema, "Karani, shika hapa," nikashika.

Mkewe alitoka kunisalimia. Nilimtafuta usoni mahali uso wake ulipokuwa siku zote, karibu na fremu ya juu ya mlango, na hakuwepo hapo. Mgongo wake ulikuwa umepinda kuanzia kiunoni, na aliniangalia kutoka chini, mkono mmoja ukutani. "Umenenepa, Karani," alisema. "Wewe ndiye umechukua urefu wangu ukaufanya upana." Akarudi ndani polepole.

Fundi alinipeleka nione. Binti yao alikuwa amewapa jikoni pa nyumba ile pawe pao. Kila chale ya ule ufito ilikuwa imegeuka mbao: kibao cha kuvuta, sanduku la unga lenye sakafu ya kuteremka, mbuzi, mifereji ya vifuniko. Katika kona alikuwa ameweka rafu za duara, tatu, zimeshikwa na ekseli ya gurudumu la baiskeli. Ukisukuma kwa kidole, zinazunguka, na kile kilichokuwa nyuma kabisa kinakuja chenyewe mbele yako. Kona alikuwa ameijua. Nilivuta droo kwa mazoea nikainama kutafuta maandishi. Hamkuwa na kitu. Mbao zote zilikuwa mpya.

"Nilifuata ufito," alisema. Ulikuwa umetundikwa juu ya mlango, mweusi kwa moshi wa miaka. "Sikumpima tena. Nilidhani namjua." Alisema jana mkewe alisimama mbele ya meza kwa mara ya kwanza, na ubao ukamfika karibu na kifua. Aliinua viwiko, kama kuku anayetaka kuruka, akajaribu kusukuma.

Alinionyesha ufito mpya, mweupe, wenye chale moja tu. Kisha akakata miguu. Nilishikilia, na msumeno ulikwenda taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, bila yeye kupumzika. Alipomaliza aliviokota vile vipande vinne, akavipanga ukingoni mwa karai, akalaza vidole vyake kando ya kimoja. Vidole sita.

"Vya yule bibi harusi vilikuwa kimo cha viatu," alisema. "Hiki, Karani, ndicho kiasi nilichochelewa."

Kutoka ndani mkewe aliita kwamba meza iletwe, kwa kuwa donge la chapati limepumzika kuliko yeye. Tukaibeba.

Mkewe alivua patipati bila kuambiwa, akasimama peku. Aliweka mikono juu ya ubao na viwiko vikatulia. Alizungusha rafu ya kona kwa kidole kimoja, akangoja kopo la samli limfikie, akalichukua, akaanza kusukuma. Meza haikuyumba. Fundi alisimama mlangoni akitazama mkono wake unakwenda wapi kwanza, kama alivyotazama mikono ya wanawake wa mtaa mzima, ila safari hii hakukalia ndoo.

Baada ya chapati ya tatu Fundi aliinua mkono akaushika ule ufito wa zamani juu ya mlango. Nadhani alitaka kuuvunja autie motoni.

Mkewe hakugeuka. "Uache hapo hapo," alisema. "Watu wajue nilikuwa mrefu."